Pilipili mbuzi, mawese na ulimi: yanayosemwa na yalivyo

"Pilipili ndogo ndiyo kali." Mgeni Kigoma akiona pilipili kichaa anasogeza sahani, akiona pilipili mbuzi ya njano iliyonona anaikatia nusu nzima kwenye kachumbari ya dagaa. Kwa kipimo cha ukali wa pilipili kiitwacho Scoville, kilichobuniwa Marekani mwaka 1912, kichaa huwa kati ya 50,000 na 100,000, mbuzi kati ya 100,000 na 350,000. Hoho ni sifuri. Tena mbuzi moja ni nzito kuliko kichaa kadhaa kwa pamoja. Hata pilipili mbili za mche mmoja hazilingani, kwa hiyo onja kila moja kabla ya kuikatia. Usionje ncha tu, itakudanganya: ukali umejaa upande wa kikonyo.

"Toa mbegu, itapoa." Mbegu hazitengenezi ukali. Unatoka kwenye utando mweupe unaozishikilia, na mbegu huwasha kwa sababu zimegusana nao. Pasua kwa urefu, kwangua utando wote kwa kijiko cha chai. Kukung'uta mbegu na kuacha utando ni kazi bure.

"Mawese yanapunguza makali." Hili linahitaji kufafanuliwa, maana ndipo michuzi mingi inapoharibikia. Kinachowasha, kapsaisini, huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukikaanga pilipili iliyokatwa pamoja na vitunguu kwenye mawese, ukali huingia kwenye mafuta, na kila tonge la ugali wa muhogo linalochovywa huubeba. Hakuna tena cha kuchambua pembeni. Kama mezani wapo watoto, chukua pilipili mbuzi moja yenye kikonyo, isiyo na mchubuko, uiweke juu ya mchuzi wa samaki aina ya migebuka ukishashusha moto. Iache dakika kumi bila kukoroga, kisha itoe nzima. Mchuzi utanukia na kuwasha kidogo sana. Ukiitia tangu mwanzo ngozi hulainika na mwiko huipasua. Ikishapasuka, kumimina maji hakusaidii sana, maana ukali unaelea na mafuta. Engua mafuta ya juu, ongeza mawese mapya kidogo na karanga zilizosagwa.

"Maji baridi yanazima moto." Hakuna moto. Pilipili huamsha kihisio cha neva kilekile kinachoamshwa na joto la nyuzi 43 hivi, ugunduzi uliompa mwanasayansi David Julius nusu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ndiyo maana mchuzi unaofuka mvuke huwasha kuliko uleule ukipoa. Maji hutuliza sekunde chache tu. Kunywa maziwa au mgando, uuzungushe mdomoni kabla ya kumeza: protini yake hung'oa kapsaisini ulimini. Bia ni maji tu kwa kazi hii. Kilevi chake ni kidogo mno.

"Pilipili huleta vidonda vya tumbo." Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au dawa za maumivu zinazotumika muda mrefu. Mwenye kidonda tayari anaweza kuumia zaidi akila pilipili, naye ana haki ya kuikataa.

"Ulimi sugu ni wa kuzaliwa." Watu huzaliwa tofauti, ni kweli, lakini sehemu kubwa ni mazoea. Anayekula kidogo kila siku, neva zake hufa ganzi taratibu. Akiacha wiki kadhaa, ukali humrudia. Anayetaka kuzoea aanze na kipande kidogo kisicho na utando, ashinde nacho wiki nzima, ndipo aongeze. Kushindana kutafuna mbuzi nzima hakufundishi ulimi chochote: huishia kwenye kwikwi, jasho na tumbo kusokota.

"Sabuni inatosha mikononi." Haitoshi, hasa baada ya kutwanga kwenye kinu. Paka kwanza mafuta ya kula, sugua hadi chini ya kucha, futa kwa karatasi, ndipo uoshe kwa sabuni mara mbili. Hata hivyo usiguse macho kwa saa chache zinazofuata.