Sonona si Upungufu wa Imani
Katika familia nyingi za Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, nchini Marekani, imeaminika kwa vizazi kwamba sonona (huzuni nzito ya muda mrefu) humpata mtu asiyesali vya kutosha au aliyekosa ujasiri. Imani hiyo si sahihi: sonona ni ugonjwa unaochangiwa na urithi, mabadiliko ya ubongo na misukosuko ya maisha, nao humpata mcha Mungu kama mwingine yeyote. Sala humfariji mgonjwa, wala hapaswi kunyimwa faraja hiyo, lakini haichukui nafasi ya tiba. Inasikitisha kwamba hata anayeishinda aibu ya kutafuta tiba hukwamishwa na ukosefu wa bima na uhaba wa wataalamu wanaozungumza Kihispania. Kwa wakati wa dharura, ipo namba ya simu 988 ya msaada wa afya ya akili nchini humo, iliyoanza kutumika Julai 2022, ambapo anayepiga akibonyeza 2 huhudumiwa kwa Kihispania.