Kompyuta Inayojizima Wakati wa Kuwaka: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kompyuta ya mezani inapojizima kabla haijamaliza kuwaka, ushauri huja upesi kuliko uchunguzi. Huyu atasema ni virusi, yule atasema diski imekufa, mwingine atashauri kupiga Windows upya, na mwisho wake mwenye kompyuta hupoteza mafaili yake au hununua kifaa kipya kuchukua nafasi ya kingine ambacho hakikuwa na kosa lolote. Dhana hizi hudumu kwa sababu swali lililopaswa kutangulia haliulizwi: mashine ilizimika katika hatua gani ya kuwaka? Kuzimika ndani ya sekunde moja, kuzimika baada ya sekunde nne, na kuzimika wakati mfumo endeshi unapoanza kupakiwa ni matatizo tofauti, hata kama kwa macho ya mtumiaji yote huishia kwenye skrini nyeusi.

Dhana: Virusi ndivyo vinavyoizima

Virusi ni programu, na programu haiwezi kufanya kazi kabla haijasomwa kutoka kwenye diski. Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, kinachotangulia ni BIOS, yaani maelekezo ya kuanzishia yaliyohifadhiwa kwenye chipu ya kompyuta, au UEFI katika mashine za miaka ya karibuni, ambayo hukagua prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM (kumbukumbu yake ya muda) na kadi ya grafiki kabla ya kuigusa Windows au mfumo mwingine wowote. Kompyuta inayokata umeme katika hatua hiyo haijafika mahali ambapo kirusi cha kawaida huanzia kazi yake. Ni kweli kwamba vimewahi kuandikwa virusi vinavyoishambulia chipu ya BIOS yenyewe, na CIH, kilichojitokeza mwaka 1998, ndicho mfano unaojulikana zaidi. Lakini pale kilipofanikiwa kufuta yaliyomo kwenye chipu hiyo, mashine ilibaki haiwezi hata kuanza ukaguzi wake wa awali.

Kipimo cha kutenganisha programu na vifaa hakihitaji gharama. Washa kompyuta, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS kwa kubonyeza Delete au F2, kutegemea mtengenezaji, kisha uiache hapo kwa robo saa. Ikizimika ikiwa katika ukurasa huo, Windows na draiva zake, yaani programu za kuviendesha vifaa, hazina hatia, na hakuna sababu ya kuendelea kuzishughulikia. Ikibaki imewaka bila tatizo, usikimbilie kuviachia huru vifaa vyote, kwa maana katika ukurasa huo kadi ya grafiki haifanyi kazi kubwa, na pawa saplai (kisanduku kinachovipa vifaa vyote umeme) iliyochoka inaweza kuumudu mzigo huo mdogo ilhali ingeshindwa na mzigo unaokuja pale mfumo endeshi unapopakiwa.

Dhana: Feni zinazunguka, kwa hiyo umeme uko sawa

Hii ndiyo dhana inayopoteza watu wengi zaidi, wakiwamo baadhi ya mafundi. Pawa saplai ya muundo wa ATX, uliotangazwa na Intel mwaka 1995, hugeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, na kila mkondo unapaswa kubaki ndani ya asilimia 5 ya kiwango chake. Kwa volti 12, maana yake ni kati ya 11.4 na 12.6. Feni ni kifaa kisicho na makuu, kitakachoendelea kuzunguka hata volti zikishuka chini ya hapo. Prosesa na kadi ya grafiki havina uvumilivu huo. Isitoshe, pawa saplai hutuma kwenye ubao mama, yaani ubao unaounganisha vifaa vyote, ishara maalumu ya kuthibitisha kwamba umeme umetulia, na ishara hiyo ikikosekana au ikikatika, ubao mama husimamisha kazi hata kama taa na feni zote zinaonekana hai.

Vivyo hivyo, jaribio maarufu la kuunganisha waya wa kijani na waya mweusi kwa kipande cha chuma huonyesha tu kwamba pawa saplai inaweza kuamka ikiwa haina mzigo. Halionyeshi kama itastahimili sekunde ile ambayo prosesa, diski na kadi ya grafiki vinadai umeme kwa pamoja. Kapasita zake, yaani vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme, hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita, na dalili ya kawaida ya udhaifu huo ni kompyuta inayojizima mara kadhaa asubuhi, kisha ikishapata joto inawaka na kufanya kazi siku nzima. Njia ya kuaminika ni kuibadilisha kwa muda na nyingine inayojulikana kuwa nzima, yenye uwezo wa kutosha kwenye mkondo wa volti 12. Jumla ya wati iliyoandikwa kwenye lebo haitoshi peke yake kukuhakikishia hilo.

Nasisitiza jambo moja hapa kwa uzito wote: usifungue kisanduku cha pawa saplai. Ndani yake zimo kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme huo unaweza kuua.

Pia haifai kuilaumu pawa saplai kila inapokata. Yenye ubora ina kinga inayozima umeme mara moja inapohisi shoti au mzigo uliopita kiasi, na kompyuta inayowaka kwa nusu sekunde kisha ikatulia huenda inakingwa dhidi ya skrubu iliyodondoka chini ya ubao mama, kigingi cha kuushikilia ubao kilichowekwa pasipo na tundu, au kifaa kimoja chenye shoti ndani yake.

Dhana: Joto haliwezi kuwa sababu kwa kuwa mashine ndiyo kwanza imewashwa

Prosesa isiyogusana vizuri na kipoza joto chake inaweza kupanda joto ndani ya sekunde chache tu. Prosesa za leo kwanza hupunguza kasi ili kujiokoa, na joto likiendelea kupanda, kwa nyingi likizidi nyuzi 100 za Selsiasi au karibu na hapo, hukata umeme bila onyo lolote. Kwa hiyo mashine inayozimika baada ya muda mfupi, na ikiwashwa tena papo hapo inazimika mapema zaidi, inastahili kukaguliwa kipoza joto kabla ya kitu kingine. Angalia kama vishikizo vyake vyote vimekaza, kama grisi ya joto inayopakwa kati yake na prosesa imekauka na kupasuka, na kama karatasi ya plastiki inayofunika sehemu ya chini ya kipoza joto kipya iliondolewa. Kuongeza feni kwenye kasha hakusaidii chochote ikiwa chuma hakigusi prosesa.

Dhana: Lazima kifaa kikubwa kimeharibika

Kitufe cha kuwashia kikibaki kimebonyea, ubao mama huelewa kwamba mtumiaji amekishikilia ili kuzima kwa nguvu, na baada ya takribani sekunde nne hukata umeme. Tatizo hili hulipiwa kwa ubao mama mpya pasipo haja. Ili kulithibitisha, chomoa kwenye ubao mama waya mwembamba unaotoka kwenye kitufe, kisha gusisha pini mbili za ubao mama ulipouchomoa waya huo kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu. Mashine ikiwaka na kubaki imewaka, kitufe ndicho chenye kosa.

Kitufe kikiwa salama, ondoa kila kisichohitajika ili mashine ianze, ubaki na ubao mama, prosesa pamoja na kipoza joto chake, kipande kimoja cha RAM na pawa saplai, kisha urudishe kifaa kimoja kimoja, ukichomoa umeme kabla ya kila hatua. Wakati huohuo hakikisha RAM imeingia hadi vishikizo vyake vimelia, na kwamba waya wa umeme wa prosesa, wenye pini nne au nane, umechomekwa kikamilifu. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao hutajwa mno katika mazungumzo haya, lakini ikiisha dalili yake ya kawaida ni saa na mipangilio kupotea.

Kuna pia wanaoona tukio namba 41 la Kernel-Power kwenye kumbukumbu za Windows wakahitimisha kwamba pawa saplai imekufa. Tukio hilo linasema tu kwamba mara iliyopita Windows haikufungwa kwa utaratibu. Halisemi kwa nini. Kama kompyuta inajiwasha upya badala ya kuzimika kabisa, zima kwanza mpangilio wa Windows wa kujiwasha upya inapopata hitilafu, kwa sababu huenda unaificha skrini ya buluu yenye jina la hitilafu hiyo. Na ikiwa umefunga RAM mpya ya DDR5, mashine inaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi, hata kujiwasha zaidi ya mara moja, huku ikiipima RAM hiyo, isikatishwe.

Imebaki dhana kwamba kupiga Windows upya, hata kusiposaidia, hakudhuru. Kunadhuru, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mfumo wa zamani unakuwa umeshaguswa na mpya haujakamilika, na mafaili yako yako hatarini. Toa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine nzima, unakili kila unachokithamini kabla hujabadilisha chochote. Na kama diski ilisimbwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski isisomwe bila ufunguo, tafuta ufunguo wake wa urejeshaji kwanza, maana bila huo diski haitafunguka kwenye mashine nyingine.