Redio ya AM ikikwaruza, daiodi husingiziwa

Mzee mmoja wa Kibokoni, Mombasa, aliniletea redio yake ya transista. "Mwanangu, hii ukiipunguza yasema vizuri. Ukiipandisha yakwaruza." Fundi aliyenitangulia alishabadilisha spika, kisha daiodi. Laiti angemsikiliza mzee.

Daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, hukata nusu ya wimbi la redio, na kapasita na rezista zinazoifuata hubakisha sauti. Ni kweli daiodi ya silikoni hutaka kama voliti 0.6 kabla ya kupitisha umeme, kwa hiyo stesheni dhaifu huharibika. Ya jerumaniamu hutosheka na 0.2 au 0.3. Lakini hii ilikuwa ya jerumaniamu, tena nzima.

Kilichoharibika kilikuwa mbele yake. Mzigo wa daiodi, yaani ukinzani unaopokea mkondo wake, ni volyumu ya omu 10,000. Kutoka mguu wake wa kati sauti hupita kwenye kapasita kuingia amplifaya, na humu kulikuwa kumetiwa amplifaya ngeni yenye ukinzani wa omu 5,000 tu. Kapasita huzuia mkondo mnyoofu, kwa hiyo mkondo huo huona omu 10,000. Sauti, ambayo ni mkondo geu, huziona zote mbili sambamba: kama 3,300. Gawanya 3,300 kwa 10,000, upate uwiano wa 0.33. Modulesheni, yaani kiasi ambacho sauti hupandisha na kushusha wimbi la redio, ikizidi asilimia 33, daiodi hufunga kabla ya wakati na mabonde ya wimbi hukatwa bapa. Watangazaji nao wakipaza sauti hukaribia 100! Volyumu ikiwa nusu, uwiano hupanda hadi 0.75, ndiyo maana mzee alisikia nafuu.

Niliweka transista moja ya FET, aina isiyovuta karibu mkondo wowote, kati ya volyumu na amplifaya, na rezista ya omu milioni 1 getini, yaani mguu wake wa kuingizia sauti. Uwiano ukawa 0.99. Wengine hutia rezista ya omu 4,700 kabla ya volyumu. Husaidia kidogo, lakini hula zaidi ya nusu ya sauti. Mimi siipendi.

Fidla za taarabu bado zilikuwa na mchanga. Kapasita ya daiodi ilikuwa nanofaradi 10: kwa modulesheni ya asilimia 80, juu ya hezi 1,200 hivi haiwahi kujimwaga, wimbi linazama kapasita yenyewe ingali na umeme. Nikaweka 2.2, kikomo kikasogea hadi kama hezi 5,400, na ile kilohezi 455 ya ndani, wimbi ambalo redio hubadilishia kila stesheni kabla ya daiodi, bado inachujwa vizuri.

Mwisho nikasafisha volyumu yenyewe. Hewa yetu ya chumvi huiletea mikwaruzo yake, ile isikikayo unapoizungusha tu.