Faini Haiondoi Kero: Dhana Potofu Kuhusu Kazi ya Afisa Afya wa Halmashauri

Mvua zikianza tu, ofisi za afya za halmashauri nchini Tanzania huanza kupokea hoja ileile: "Faini si nimeshalipa, mnarudi kutafuta nini?" Huitoa mwenye nyumba ya kupangisha ambaye choo chake kimefurika, huitoa mwenye mgahawa ambaye majitaka yake yanatuama uchochoroni, na wote huitoa kwa hasira ya mtu anayeamini kwa dhati kwamba ameonewa. Kwa kuwa maelezo ya mdomo yameshindwa kuiondoa, naijibu kwa maandishi, pamoja na dhana nyingine chache zinazoambatana nayo.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 pamoja na sheria ndogo za halmashauri hazikutungwa ili kuuza ruhusa ya uchafu. Afisa afya anapokuta kero, yaani uchafu au hali inayohatarisha afya ya watu, jambo la kwanza katika utaratibu wa kawaida ni notisi, ambayo hutaja kasoro iliyoonekana, hatua zinazotakiwa kuchukuliwa na muda wa kuzichukua. Muda huo ni wa kurekebisha, si wa kutafuta mtu wa kukuombea. Ukipita bila marekebisho, kutotii notisi kunakuwa kosa, na hapo ndipo faini inapoingia: ama kwa kufifilisha kosa, ambako unakiri kwa maandishi na kulipa bila kufika mahakamani, ama kwa hukumu ya mahakama. Kufifilisha kunamaliza shauri la kosa ulilolikiri, lakini hakukaushi kinyesi kilichomo mtaroni. Kero ikiendelea kuwapo baada ya hapo, kosa nalo linaendelea, na sheria ndogo nyingi zimeweka adhabu ya ziada kwa kila siku ya kuendelea huko. Halmashauri inaweza pia kuiondoa kero yenyewe na kumdai mhusika gharama zote. Kwa hiyo anayeichukulia faini kama nauli, kwamba akishalipa amepata haki ya kukaa, atalipa tena na tena, na mwishoni atatakiwa kujenga choo kilekile alichokuwa anakikwepa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya mchezo mmoja ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaujua vizuri, nao ni kutapisha choo. Mvua kubwa inaponyesha usiku, mwenye nyumba hutoboa ukuta wa shimo au kufungua bomba lililofichwa, na uchafu wote huelekea kwenye mtaro wa maji ya mvua. Akikamatwa, hesabu yake ni nyepesi, kwani anaona faini ni ndogo kuliko kulipia gari la kunyonya majitaka. Wengine hujitetea kwamba mvua inasafisha kila kitu. Mvua haisafishi kinyesi, bali inakisambaza. Mtaro huo hupita mbele ya nyumba za wengine, hufurika uani mwao, huingia katika visima vifupi, na watoto huchezea humo asubuhi. Mtu aliyeambukizwa kipindupindu anaweza kutoa vimelea katika choo chake bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote, na aliyemeza maji yenye vimelea hivyo anaweza kuugua baada ya saa chache hadi siku tano. Nchi hii imeufahamu ugonjwa huo tangu miaka ya 1970, na mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi. Ndiyo sababu namwona anayetapisha choo na kusema "nitalipa faini" kuwa hajaelewa hata kidogo alichoshtakiwa nacho.

Kisingizio kwamba gari halifiki nacho kimechakaa. Katika mitaa iliyobanana zipo huduma za pampu za mkono na pikipiki za miguu mitatu zinazobeba majitaka, na mtendaji wa mtaa anaweza kukuelekeza kwa wanaozitoa. Shimo linyonywe kabla ya masika, yaani Januari au Februari, wala lisisubiriwe lijae mwezi Aprili. Ukiona muda wa notisi hautoshi, kwa mfano fundi hajamaliza kazi, andika barua ya kuomba nyongeza kabla muda haujaisha, ueleze umefikia wapi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ni mara chache barua kama hiyo kupuuzwa. Kinachopuuzwa, na kwa haki kabisa, ni simu ya mjomba wako aliyeko wizarani.

Wapo wanaodai kwamba notisi ya choo ni ya wapangaji kwa kuwa wao ndio wanaokitumia. Kasoro ya jengo, kama shimo lililotitia au nyumba isiyokuwa na choo kabisa, ni mzigo wa mwenye nyumba. Mpangaji atawajibika kwa kero aliyoisababisha mwenyewe.

Wengine huzidharau sheria ndogo kana kwamba ni maazimio ya kikao cha madiwani. Sheria ndogo ikishaidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, ni sheria kamili ndani ya mipaka ya halmashauri hiyo.

Kadi ya kupima afya nayo imegeuzwa hirizi. Mhudumu wa chakula anatakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita, lakini kipimo kinaeleza hali ya siku aliyopimwa tu. Aliyepimwa mwezi Januari anaweza kuambukizwa homa ya matumbo mwezi Februari na akaendelea kukatakata kachumbari huku kadi ikining'inia ukutani. Mimi nikikagua mgahawa, huanza na mahali pa kunawia mikono na sabuni iliyopo, kisha kadi.

Leseni ya biashara pia haimalizi kila kitu. Tangu mwaka 2019, usajili wa majengo ya chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na afisa afya wa halmashauri bado ana mamlaka ya kuingia na kukagua. Una haki ya kumtaka aonyeshe kitambulisho, na ni vizuri ukafanya hivyo kila mara. Faini nayo ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali au itolewe stakabadhi ya mashine ya POS. Anayetaka fedha mkononi bila stakabadhi hatekelezi sheria, na anastahili kuripotiwa kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Kuhusu kelele za baa na nyumba za ibada, malalamiko si lazima yasubiri Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri kuwa na afisa mazingira. Mpelekee malalamiko kwa maandishi kupitia mtendaji wa kata, ukitaja tarehe, saa na mahali zinapotoka kelele hizo.