Je, wajua kwa nini timu ikifukuza kocha huanza kushinda?

Desemba 22, 2018, tulitoka banda la mpira karibu na Darajani tukarudi barzani tukipiga kelele. Manchester United ilikuwa imeifunga Cardiff 5–1. Siku nne kabla yake José Mourinho alitimuliwa, na timu akapewa Ole Gunnar Solskjær aishike kwa muda. Muuza kahawa hajamaliza kumimina, mtu mzima mmoja akapiga kiganja juu ya saruji ya barza: "Si niliwaambieni? Ugonjwa ulikuwa kocha!"

Niliitikia kwa moyo wote. Solskjær akashinda mechi nane za mwanzo mfululizo, nami kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba dawa imepatikana. Kocha mbaya katoka, kocha mzuri kaingia, timu imepona. Ukiniambia wakati ule kwamba sehemu kubwa ya ushindi ule ingekuja hata Mourinho angebaki, ningekuona hupendi timu.

Kosa langu halikuwa kwenye hesabu. Mechi nane ni nane. Kosa lilikuwa ni pale nilipoanzia kuhesabu. Kocha hafukuzwi siku yoyote tu. Hufukuzwa siku timu imefika chini kuliko ilivyo kawaida yake. Ni kama mgonjwa wa mafua: hatoki nyumbani kutafuta dawa siku pua inapoanza kuwasha, hutoka siku ile kichwa kinagonga na mwili mzima unauma. Kesho yake akiamka nafuu atasema dawa ile ni kiboko. Pengine ni kweli. Lakini mafua yakishafika kileleni hushuka yenyewe, na yule ambaye hakunywa kitu naye kesho yake huamka nafuu.

Tuliangalie jambo hili kwa dadu ya ludo. Dadu nzima, isiyo na ujanja, ikirushwa mara nyingi hutoa wastani wa 3.5. Sasa mwenzako arushe mara tano, apate 1, 2, 1, 1, 2. Mnakasirika, mnamnyang'anya dadu, anapewa mwengine. Naye anapata 4, 2, 5, 3, 4. Ana mkono mzuri? Hana. Amerusha kama dadu inavyorushwa siku zote. Aliyemtangulia ndiye aliyekuwa ametoka nje ya kawaida, na nyinyi mmembadilisha khasa wakati huo. Timu ya mpira si dadu tupu, ina ubora wake, lakini bahati imo ndani yake kuliko tunavyopenda kukubali: mpira unaogonga mwamba, penalti isiyotolewa, kipa wa wenzenu aliyeamka vizuri. Mechi tano sita za bahati mbaya zikifuatana, timu huonekana imekufa. Bahati ikirudi kawaida, huonekana imefufuka.

Mwingereza Francis Galton aliliandika jambo hili mwaka 1886 akipima urefu wa wazazi na watoto. Wazazi warefu kupita kiasi, watoto wao kwa wastani walikuwa warefu lakini si kama wao. Wafupi kupita kiasi, vivyo hivyo kwa upande wa pili. Kilichovuka mno hurudi kuelekea katikati.

Mimi lakini sikuelewa vizuri mpaka nilipolitafakari dema. Dema ni ule mtego wa kusuka unaotuliwa chini kwa mawe. Tuseme mvuvi ametega pahala pamoja. Siku tatu linatoka na samaki wawili watatu, siku ya nne tupu kabisa. Hapo ndipo mtu husema pahala hapa pamekufa, analihamisha. Siku ya tano anapata samaki wanane. Pahala papya pana baraka! Sasa mtazame jirani yake, ambaye naye alikuwa na siku nne mbaya lakini dema lake hakulisogeza. Siku hiyohiyo kapata saba. Bila kulitazama dema la jirani, huwezi kujua kama baraka ni ya pahala papya au ni bahari yenyewe imegeuka.

Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alilitafuta dema la jirani kwenye mpira. Alichukua ligi kuu ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Timu zilizofukuza kocha matokeo yao yalikuwa yameshuka kabla, kisha yakapanda baada ya kufukuza, kama tunavyoona kwa macho yetu. Halafu akatafuta timu ambazo matokeo yao yalishuka vilevile zikambakisha kocha. Nayo yakapanda, karibu sawasawa. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilinyamaza muda mrefu.

Sasa, hii ni Uholanzi, ni ligi moja, na ni wastani. Wastani hausemi kwamba kila kocha ni sawa na mwenzake. Chelsea ilimtoa Frank Lampard Januari 2021, ikamleta Thomas Tuchel, na Mei 29 mwaka huohuo ikachukua Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga Manchester City 1–0. Sitasema ile ilikuwa dadu. Inawezekana pia wachezaji waliokuwa wakikaa benchi hukimbia zaidi mbele ya bosi mpya. Hilo ni gumu kulipima peke yake. Ninalosema ni kwamba mechi nane haziwezi kukujulisha ni lipi kati ya haya limetokea.

Na ratiba nayo itazamwe. Mechi tano za mwanzo za Solskjær zilikuwa na Cardiff, Huddersfield, Bournemouth, Newcastle na Reading iliyokuwa daraja la pili. Cardiff na Huddersfield msimu huo zilishuka daraja. Mwisho wa Machi 2019 akapewa kazi moja kwa moja, na katika mechi kumi zilizobaki za msimu akashinda mbili tu. Mechi mbili za kufungia ligi zilikuwa na walewale: sare ya 1–1 na Huddersfield, kisha Cardiff wakaja Old Trafford, uwanja wa United, wakashinda 2–0. Ile ya Cardiff ilikuwa Mei 12, ndani ya Ramadhani, saa kumi na moja jioni. Tuliiangalia tukisubiri magharibi, na hakuna aliyepiga kiganja kwenye saruji.

Tangu hapo kila kocha akitolewa kwanza naifungua ratiba. Oktoba 2024 alipofukuzwa Erik ten Hag, kocha wa United, Ruud van Nistelrooy aliishika timu mechi nne: akashinda tatu, akatoa sare moja. Barza ikachangamka. Mbili kati ya tatu hizo zilikuwa na Leicester, nyumbani, na Leicester ikashuka daraja. Msimu ule United ilimaliza nafasi ya 15.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nafuu hii ya muda humpa nafasi mwenye timu. Hasira yetu inataka mtu, na kocha ndiye anayeonekana pembeni ya uwanja. Familia ya Glazer iliinunua United mwaka 2005 kwa karibu pauni milioni 790, sehemu kubwa ni mkopo, na deni likawekwa juu ya klabu yenyewe. Haki isemwe: chini yao kocha Alex Ferguson alichukua ubingwa wa ligi mara tano, kwa hiyo huwezi kumtupia mmiliki kila kipigo. Lakini tangu Ferguson astaafu 2013, makocha watano wa kudumu walifukuzwa hadi 2024, kila mmoja na kelele zake, na kila mwanzo mpya ulitupa wiki chache za matumaini. Februari 2024 Jim Ratcliffe alinunua zaidi ya robo ya hisa na kuchukua usimamizi wa mambo ya mpira. Hisa nyingi zenye kura zilibaki kwa Glazer.

Barzani niliulizwa na mzee mmoja: "Sasa shekhe, mwenye timu yeye anafukuzwa na nani?" Nilimjibu kwa kilichotokea Mei 2, 2021. Wiki mbili kabla yake wamiliki walikuwa wameitia timu kwenye mpango wa Ligi Kuu mpya ya Ulaya, mashabiki wakachemka, wakaingia mpaka katikati ya uwanja wa Old Trafford wakidai familia ile iondoke. Mechi na Liverpool ikaahirishwa. Ikachezwa Mei 13, Liverpool wakashinda 4–2, na wenye timu walikuwa walewale.