Tyubu ya kitovu si ya macho

Ukimwona muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Kisumu akibandika plasta kwenye tyubu ya dawa na kuiandika KITOVU kwa kalamu nene, usidhani amekosa kazi. Dawa hiyo ni klorheksidini ya asilimia 7.1, jeli ya kuua vijidudu kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Shida ni kwamba tyubu yake huweza kufanana na ya tetrasaiklini ya macho, ambayo mtoto hupakwa punde tu akizaliwa. Klorheksidini ikiingia jichoni huunguza kioo cha jicho, na mtoto anaweza kupofuka. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu jambo hili baada ya visa kuripotiwa katika nchi kadhaa za Afrika.

Kwa maoni yangu dawa ya macho ipakwe na nesi wodini, ibaki kabatini. Mama aondoke na tyubu moja.

Kabla ya kumruhusu simuulizi kama ameelewa, maana wote hujibu, "Ndiyo, sista." Namwambia, "Mama, nionyeshe." Na ikiwa nyanya ndiye atakayemwogesha mtoto, yeye ndiye nampa tyubu. Ananawa kwa sabuni, anapaka kuanzia ncha ya kitovu hadi shinani na ngozi iliyokizunguka, anaacha ikauke bila kufuta. Nepi inakunjwa chini ya kitovu mkojo usikilowanishe. Mara moja kwa siku, kwa siku 7, ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Majivu, mate, kinyesi cha ng'ombe, hapana. (Wanaowacheka watu wa kijijini kwa hayo ndio hunijia wamepaka kitovu dawa ya meno.)

Joto la Kisumu nalo hudanganya, ukadhani mtoto mchanga hawezi kupata baridi. Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24, avae kofia, akae kifuani pa mama. Jiko la makaa lisilale chumbani.

Jeli ikiingia jichoni, mmiminie maji safi mengi papo hapo, kwa dakika 15 au zaidi, kisha mkimbize hospitali na tyubu mkononi tuione. Msimkamulie maziwa ya mama jichoni. Na kitovu kikitoa usaha, kikinuka, ngozi yake ikiwa nyekundu, au mtoto akikataa kunyonya, njooni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.