Mtoto anayejijeruhi hatafuti kiki

Wiki hii tu nimeisikia mara tatu pale kliniki, ya mwisho jana, kwa baba mmoja aliyemleta binti yake kutoka Uyole: "Nesi, huyu anatafuta kiki tu, mwambie aache." Binti kakaa pembeni, Oktoba hii jua la Mbeya linachoma, yeye kavaa sweta la shule kavuta mikono mpaka inafunika vidole. Sasa jamani, anayetafuta kiki anaficha? Kaficha miezi minane, Juni na Julai nani angeshtuka na baridi ile kila mtu yuko ndani ya sweta, mama kaja kugundua siku ya kufua, doa la damu kwenye mkono wa shati.

Hili swali watafiti wamelichimba sana. Mwaka 2007 mtafiti wa saikolojia David Klonsky alipitia tafiti 18 kuhusu kwa nini watu wanajijeruhi bila nia ya kufa, na jibu lililojirudia kuliko yote ni kutuliza hisia zilizozidi, yaani hasira, aibu au huzuni imejaa kifuani na mtu hajui aipeleke wapi. Siku hizi watafiti wanatumia hata simu, kijana anajaza anavyojisikia mara kadhaa kwa siku badala ya kuja kuulizwa mwaka umeshapita, na inaonekana kabla ya tukio hisia mbaya zinakuwa zinapanda. Wapo wanaofanya ili mtu awaone, sikatai, ila mtoto akifika hapo ujue mdomo alishautumia hakusikilizwa. Ukimwambia anatafuta kiki unamfundisha kuficha vizuri zaidi, basi.

Eti ni mambo ya wazungu. Kweli tafiti nyingi zimefanyika nchi tajiri, na uchambuzi mmoja wa 2014 uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali ulikuta karibu 17% ya vijana balehe wamewahi kujijeruhi, ila mimi ninaowaona wanatoka Mwanjelwa na Tukuyu. Na wavulana wapo, yule anayepiga ukuta ngumi mpaka mkono unavimba mnamuita mkorofi tu.

Wengine wanasema ukimuuliza kuhusu kufa utampa wazo. Si kweli, muulize waziwazi, maana hata kama hakutaka kufa siku ile, kujijeruhi kunaongeza hatari ya kujaribu kujiua baadaye. Akisema ndiyo usimwache peke yake, mlete hospitali siku hiyohiyo, kama ni usiku njooni usiku. Maombi endeleeni nayo, ila na kliniki mje.

Na viboko hapana kabisa! Wala usimkague mikono mbele ya wadogo zake. Ushauri wangu ni uleule kwa kila mzazi, kaa naye mmenye viazi, mikono ikiwa na kazi na macho yapo kwenye beseni maneno yanatoka yenyewe. Yule baba akaniuliza aanze na neno gani, nikamwambia aanze na "pole mwanangu", halafu anyamaze amsikilize.